Spika Yenye Taa

Mwalimu Ndalahwa alikuwa na masikio ya kuogopwa. Muulize yeyote aliyepita kwenye kwaya yake pale parokiani, Buswelu, katika miaka ishirini na sita aliyoifundisha. Watu arobaini wanaimba, wamefumba macho, wameshaanza kuuona mlango wa mbinguni, yeye anapiga kofi moja na wote wanakatika. Kidole kinaelekea safu ya tatu.

"Wewe mwenye kitenge cha samaki. Umeshuka."

Na ukijipima kweli umeshuka. Hapo bado hajakutukana. Wilhelmina, mwanamke mwenye saluni yake na heshima zake mtaani, aliambiwa mbele ya watoto wake kwamba anaimba kama mlango wa choo cha stendi. Nkwabi, mdogo wake mke wa mwalimu, alidumu kwenye kwaya siku mbili tu. Siku ya pili mwalimu alisema, "Hili debe nani kalileta? Litoeni nje likakinge mvua." Nkwabi alikuwa na miaka kumi na tisa. Leo ana arobaini, ana kibanda chake cha ufundi simu stendi ya Buzuruga, ana mke na watoto watatu, na watu bado wanamwita Debe. Siku ya harusi yake MC alimtangaza hivyohivyo kwenye maiki, akidhani ni jina la ukoo.

Hata Modesta mwenyewe, mke wa mwalimu, alishaonja. Walipokuwa wachumba alikuwa anapepeta mchele huku anaimba, maana alikuwa na furaha. Mwalimu akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba sauti ile ingefaa kufukuzia ngedere shambani. Modesta alicheka, wakaoana, na tangu siku hiyo hakuna aliyemsikia akiimba. Hata kanisani alikuwa anafungua mdomo tu.

Sasa masikio hayo yalikuwa yamekufa, na aliyejua ni mwalimu peke yake.

Yalianza kuondoka masika ya mwaka jana. Kwanza walinyamaza vyura wa bondeni, akadhani ni hali ya hewa. Kisha mlio wa simu. Kisha siku moja, mazoezini, alipandisha mkono kuwaita soprano na soprano hawakuja. Wanawake kumi na wanne walikuwa wanaimba mbele yake, midomo wazi, kama samaki waliotolewa majini. Besi aliwasikia vizuri. Mwanaume akiongea karibu alimsikia. Kuanzia hapo kwenda juu, mlango ulikuwa umefungwa. Daktari alimwambia hayo hayarudi, akamwonyesha kimashine cha kuvaa sikioni. Mwalimu alikitazama kama mtu aliyepewa meno ya marehemu avae.

Akarudi kwenye kwaya, akawa anafundisha kwa macho. Alisoma midomo. Alitazama mishipa ya shingo: ikisimama, mtu yuko juu, ikilegea, mtu amedanganya. Akikosa kabisa, alichagua yeyote wa soprano akamwambia umeshuka, na huyo yeyote aliamini. Novemba parokia inatimiza miaka hamsini. Askofu anakuja. Mwalimu alijiwekea lengo moja tu maishani: afike Novemba, anyanyue mikono mbele ya askofu, asijulikane. Baada ya hapo atastaafu akiwa bado Ndalahwa.

Kilichomponza ni televisheni.

"Mume wangu," Modesta alimwambia, amesimama mbele yake, "majirani wanaijua taarifa ya habari kuliko sisi tulio ndani. Punguza."

"Imeharibika hiyo. Sauti yake haina mwili."

"Basi nunua kispika chako cha blututhi, ukae nacho kwenye kiti chako, utuachie masikio yetu. Nkwabi atakupeleka. Yeye anavijua."

Jumamosi asubuhi walikuwa mjini, Mtaa wa Rufiji, dukani kwa Taher. Duka lile babu yake Taher aliuza gramafoni, baba yake akauza redio za mkanda, yeye anauza chochote kinachotoa sauti. Ana utaratibu wake: bei haitajwi mpaka mteja amesikiliza spika tatu. Anazipanga juu ya kaunta, anaunganisha simu yake, anapiga wimbo uleule mmoja kwenye zote. Mkewe, Zahabia, anakaa kwenye droo ya pesa na kufuma vitambaa.

"Mwalimu Ndalahwa," alisema Taher. "Leo nimepata mteja mwenye masikio. Wengine wananunua rangi tu."

Mwalimu alitabasamu. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka mgongoni.

Ya kwanza ilikuwa fupi ya mviringo, kama kopo la maziwa ya unga. Ikapigwa. Mwalimu akainamisha kichwa, akasubiri midomo ya Taher itulie, akasema, "Hii ni mbu ndani ya chupa."

"Umepatia kabisa," Taher akasema, akaiondoa.

Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, haina madoido. Taher aliishika kwa mikono miwili. "Hii ndiyo naweka nyumbani kwangu. Sauti safi, chini mpaka juu. Chaji siku nzima. Ukiidondosha ziwani unaiokota inaendelea kuimba. Sikiliza huyo mama anavyopanda."

Mwalimu alisikiliza. Mama hakupanda kokote. Palikuwa na ngoma inayotembea mbali, na juu yake ukimya.

"Mh," alisema.

Ya tatu ilikuwa kubwa kama mkate wa familia, na mbele ilikuwa na duara mbili za taa. Taher hata hakutaka kuiwasha. "Hiyo mwalimu si ya hadhi yako. Hiyo ya vinyozi. Makelele tu."

"Iwashe."

Ikawashwa, na zile taa zikaruka. Nyekundu kwa ngoma, kijani kwa gitaa, na mama alipopanda, mistari ya bluu ikapanda naye, ikafika juu, ikatetemeka pale, ikashuka polepole. Mwalimu akaweka kiganja juu ya spika. Ilikuwa inatikisika kama paka anayekoroma. Mwaka mzima na zaidi hakuwa ameona soprano. Sasa alikuwa anaiona, ya bluu, imesimama mbele yake.

"Nachukua hii," alisema.

Nkwabi, aliyekuwa ameegemea mlango anachezea simu, aliinua kichwa. Huyu ndiye mtu aliyewahi kusema nyumba yenye taa za rangi ni baa iliyokosa leseni. Huyu ndiye aliyesusa kipaimara cha mtoto wa jirani kwa sababu ya sabufa. Nkwabi alimtazama shemeji yake, kiganja juu ya spika, macho kwenye taa, kama mtoto mbele ya keki. Kitu kikamcheza kichwani.

Akasogea nyuma yake, hatua mbili tu, akabana sauti ikawa nyembamba kama ya kike, akasema, "Shemeji, zipu yako iko wazi."

Zahabia akatazama ukutani haraka. Taher akakohoa. Mwalimu akaendelea kutazama taa.

"Shemeji, mpaka shati limetokea."

"Besi yake ina heshima," mwalimu alimwambia Taher. "Na soprano amekaa pazuri."

Nkwabi akakunja midomo kuzuia kicheko. Miaka ishirini na moja ya kuitwa Debe ilikuwa inaondoka kifuani taratibu, kama mtu anayevua viatu vilivyombana.

Taher akaenda kutafuta boksi kwenye rafu ya mwisho, na huku amewapa mgongo akatoa maelezo yake kama kawaida. Kila mtu dukani aliyasikia isipokuwa mnunuzi: "Taa zinafuata muziki, mwalimu. Lakini ukibonyeza kitufe cha nyuma mara tatu zinacheza zenyewe, hata kama hakuna muziki kabisa. Watoto wanapenda."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kwa sababu ulikuwa umepita muda wa kutosha mtu kuitikia.

"Mara tatu?" akauliza Nkwabi.

"Mara tatu."

Zilifuata wiki mbili nzuri. Jioni, Modesta akiwa jikoni, mwalimu alikaa kwenye kiti chake akaipakata ile spika, akaibana kifuani kama mtoto mgonjwa. Mifupa ilimletea kilichokataliwa na masikio. Alifuata bluu kwa macho na ngoma kwa mbavu. Modesta alipita, akamwona mzee mzima anakumbatia taa za kinyozi, akaona ni uzee umeanza, akapita.

Mwalimu akapata ujasiri. Kamati ya kwaya ilitakiwa iamue kama Wilhelmina ataimba peke yake siku ya askofu. Alikuwa amerekodiwa kwenye simu ya Paulo, mwenyekiti. Mwalimu akasema, "Njooni kwangu Jumapili baada ya misa. Tutamsikiliza kwenye mtambo wangu." Aliamini taa zitamwambia kila kitu.

Asichojua ni kwamba Nkwabi alishafika kwa Paulo.

"Kiziwi?" Paulo alisema. "Mwalimu Ndalahwa. Debe, umekunywa."

"Basi tumpime. Nikiwa mwongo, niiteni Debe mpaka kaburini."

"Si ndiyo tunavyokuita?"

"Basi andikeni na kwenye msalaba."

Jumapili sebule ikajaa: Paulo, wazee wawili wa kamati, Wilhelmina na gauni lake la kanisani, na Nkwabi aliyeitwa kuunganisha simu, maana mwalimu hakujua. Modesta akaleta soda akarudi kusimama mlango wa jikoni. Spika ikawekwa juu ya meza, mbali na mikono ya mwalimu. Hakuweza kuisogeza kifuani mbele za watu. Haidhuru, taa zilikuwepo.

Nkwabi akainama nyuma ya spika. Akabonyeza mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Akakaa, simu ya Paulo mkononi, hajagusa kitu.

Taa zikaanza.

Mwalimu akafumba macho nusu. Kidole kikaanza kupiga mapigo juu ya goti. "Mwanzo mzuri," alisema.

Ungeweza kusikia soda zikichemka kwenye glasi.

"Hapa umevuta pumzi katikati ya neno, Wilhelmina. Bwana umemkata vipande viwili." Akasubiri. Bluu ikaruka. "Sasa vizuri. Hapo umekaa. Mnasikia anavyokaa?"

"Tunasikia," alisema Nkwabi.

Mwalimu akasimama. Mikono ikapanda yenyewe, ile mikono iliyozoeleka, kidole gumba na cha kwanza vimeshikana kama vinachomoa uzi. Aliiongoza ile meza. Aliziongoza zile taa, nyekundu, kijani, bluu, katika chumba kilichokaa kimya kabisa. "Panda," alisema. "Panda, mama. Panda. Hapo kwenye 'milele', shikilia... umeshuka. Palepale pa siku zote."

Akageuka wamuunge mkono. Mzee mmoja wa kamati alikuwa amejiziba uso kwa leso, mabega yanatikisika. Paulo alitazama zulia. Wilhelmina alikuwa anamtazama yeye, machoni, na anatabasamu kwa meno yote.

"Mwalimu," alisema Paulo, na sauti yake nzito mwalimu aliisikia vizuri. "Tunasikiliza nini?"

"Wilhelmina."

"Wilhelmina hajaimba. Wimbo haujapigwa."

Nkwabi akainua simu, akamwonyesha kioo. Akaongea polepole, kila neno analitengeneza mdomoni kwa ukarimu. "Taa zinacheza zenyewe, shemeji. Taher alikueleza dukani. Alikueleza wewe."

Mwalimu alibaki na mikono hewani. Kisha akaona macho ya wote yamehama, yanatazama kitu nyuma yake, juu ya bega. Hakujua ni nini. Alisubiri, wakaendelea kutazama. Alipogeuka, Modesta alikuwa amesimama hapohapo, karibu kumgusa, mdomo wazi.

"Nimekuita mara nne," Modesta alisema. Mwalimu alisoma kwenye midomo. "Kwa jina la utoto wako."

Ndipo sebule ikapasuka. Walicheka wazee, alicheka Paulo, alicheka Wilhelmina mpaka akashika ukuta. Mwalimu alihisi kicheko kwenye mbao za sakafu, kupitia soli za viatu.

"Utani, shemeji," alisema Nkwabi. "Ukikasirika ni jogoo."

Na ndivyo ilivyo kwao. Shemeji ni mtani, atakufanya atakavyo, na ukinuna wewe ndiye mkosaji, unalipa jogoo. Mwalimu hakukasirika. Alikwenda mezani, akachukua spika, akaibana kifuani mbele ya kila mtu, sasa hakuna cha kuficha.

"Piga basi," alisema.

Nkwabi akapiga. Mtetemo wa kwanza ukaingia, mdogo kama nzi chini ya shati. Mwalimu akaanza kuhesabu mapigo kwa kichwa. Wimbo aliutunga yeye. Alijua kila pumzi inapokaa. Wenzake walimsikia Wilhelmina, na kwa kweli alikuwa anaimba vizuri, vizuri kuliko walivyotegemea, kicheko kikaanza kuwaishia. Akafika kwenye 'milele'. Mwalimu akainua kidole.

"Hapo."

Na hapo Wilhelmina, kwenye spika ya kinyozi, akashuka. Robo sauti, mbele ya watu wote. Hata yule mzee wa leso alikunja uso.

"Nilikusikiliza miaka miwili nikiwa nasikia," mwalimu alisema. "Pale hujawahi kufika. Hutafika."

Wilhelmina alisimama. Midomo ilikuwa inamtetemeka. Kisha akakumbuka, na uso wake ukatulia. Akaweka kiganja mbele ya mdomo, akakifunika vizuri, akasema jambo. Lilikuwa refu kidogo. Alipomaliza, sebule nzima ilicheka kuliko mara ya kwanza, Nkwabi akapiga magoti kwa kucheka, hata Modesta aligeuza uso. Mwalimu alitazama huku na huku atafute mdomo wa kumsaidia. Hakuna aliyemrudishia. Mpaka leo hajui lilisemwa nini.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ndogo tu. Paulo alisogeza kiti mbele yake, akapanua mdomo kama anamlisha uji mtoto. "Mwa-li-mu. Tuna-shu-kuru. Pumzika sasa." Kwaya ingeongozwa na Wilhelmina mpaka Novemba. Mwalimu atatengewa kiti, mbele, karibu na askofu, aone.

"Niko hapa karibu, Paulo. Wewe nakusikia," alisema mwalimu.

"Vi-zu-ri," alisema Paulo.

Wakaaga. Nkwabi alitoka wa mwisho. Kwenye geti aligeuka, akainamisha kichwa kwa adabu zote, akachezesha midomo bila kutoa sauti hata chembe: shikamoo, shemeji.

"Marahaba," mwalimu alijibu kwa nguvu, peke yake, kwenye ukimya. Kicheko kilishuka na barabara mpaka kwenye mawe ya kona.

Akarudi kwenye kiti chake. Spika ilikuwa bado inawaka, hakuna aliyekumbuka kuizima. Alikaa akaitazama.

Nyuma yake Modesta alikuwa anakusanya glasi. Aliziweka jikoni, akarudi na ungo wa mchele wa chakula cha jioni, akakaa kwenye kigoda nyuma ya kiti cha mumewe. Alipepeta kidogo. Akakitazama kisogo cha mwalimu, kipara kilipoanzia, zile nyama za masikio zilizokuwa zinaogopwa na parokia nzima.

"Ndalahwa," alisema.

Kisogo kilitulia.

"Ndalahwa, hili shati ni bichi, nimekuvalisha hivyohivyo."



Modesta akashusha pumzi, na akaanza kuimba. Alianza chini, kwa wasiwasi, akitazama mlango. Hakuna aliyekuja. Akaongeza. Ulikuwa ni wimbo uleule wa siku ile ya uchumba, na sauti ilikuwa ileile, imekaa miaka thelathini gizani bila kupungua hata kidogo. Alishuka pa kupanda. Alipanda pasipo na kitu. Mchele uliruka kwenye ungo ukifuata mapigo aliyojitungia mwenyewe. Ng'ambo ya ua mbwa wa jirani alisimama, akasikiliza, akaondoka.

Mwalimu alikuwa anatazama taa. Nyekundu, kijani, bluu.

"Modesta," aliita, bila kugeuka. "Chai tayari?"

Modesta akamwimbia kwamba bado.